Maswali na Majibu: Masasisho ya Windows Yaingie Kabla Kompyuta Haijawaka

Barua kadhaa za mwezi huu zimezungumzia jambo moja kwa namna tofauti, yaani jinsi ya kutengeneza chanzo cha kusakinisha ambacho tayari kina masasisho ndani yake. Tumeamua kuzijibu pamoja. Barua ya kwanza imepewa nafasi kubwa kwa kuwa majibu ya nyingine yanaiegemea.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa kompyuta katika shule ya sekondari mkoani Kigoma. Maabara yetu ina kompyuta 32 ambazo kila likizo ya Desemba huwa tunazifuta na kuzisakinishia Windows 11 upya. Usakinishaji wenyewe kwa flashi hautusumbui. Kinachotumaliza ni kinachofuata, kwa sababu kila kompyuta huanza kuvuta masasisho yake, na bando la mwezi huisha kabla hatujafika nusu ya maabara. Je, inawezekana masasisho hayo yakawekwa ndani ya flashi yenyewe?
Mwalimu, Kigoma

JIBU: Inawezekana, Mwalimu, na kazi hii ina umri mrefu kuliko wengi wanavyodhani. Wakati wa Windows XP, mafundi walikuwa wakilinakili folda la i386 kutoka kwenye CD, kisha wakaiendesha Service Pack (mkusanyiko mkubwa wa masasisho) kwa kuiongezea neno /integrate ili faili mpya zichukue nafasi za zile za zamani. Haikuwa anasa. Mnyoo wa Blaster uliosambaa Agosti 2003 ulipenya kwenye tundu ambalo Microsoft ilikuwa imeliziba Julai ya mwaka huohuo, lakini kompyuta iliyosakinishwa upya kwa CD ya zamani na kuunganishwa kwenye intaneti iliweza kuambukizwa kabla haijamaliza kuvuta kiraka chake. Aliyekuwa na CD iliyosasishwa alilala usingizi.

Tangu Windows Vista mpangilio umebadilika, na hapo ndipo wengi wanapopotea. Ukifungua folda la sources ndani ya flashi yako utakuta faili mbili kubwa. Ya kwanza ni boot.wim, ambayo ni Windows ndogo inayowaka ili kuonyesha kurasa za usakinishaji. Ya pili ni install.wim, ambayo ndiyo Windows yenyewe, na mara nyingi hubeba matoleo kadhaa kwa pamoja, kama vile Home, Pro na Education, kila moja likiwa na namba yake. Ndani ya kila toleo, katika folda la Windows\System32\Recovery, imefichwa faili ya tatu iitwayo winre.wim, ambayo ni mazingira ya uokoaji yanayojitokeza Windows inaposhindwa kuwaka. Mtu akikuambia kwamba ameingiza masasisho kwenye flashi, muulize ameyaingiza wapi kati ya sehemu hizo tatu. Wengi huhudumia install.wim peke yake, na kwa maabara yako hilo linatosha kuokoa bando, ila nitaeleza kwa nini nyingine mbili zisisahauliwe.

Anza kwa kunakili yaliyomo yote ya faili ya ISO (faili moja yenye diski nzima ya kusakinishia) kwenye diski ya kompyuta moja, tuseme katika folda la C:\Chanzo, na uhakikishe una nafasi tupu isiyopungua GB 30. Ile ISO ya asili iache kama ilivyo, usiiguse. Faili zilizonakiliwa kutoka ISO wakati mwingine hubaki na alama ya kusomwa tu, hivyo iondoe kwa amri ya attrib -r kabla ya kuendelea. Usipofanya hivyo, hatua ya kupachika itakataliwa na ujumbe usioeleweka vizuri. Kisha nenda kwenye tovuti ya Microsoft Update Catalog, utafute sasisho jumuishi la mwezi, yaani linalobeba pia yaliyotangulia, kwa toleo lako kamili (kama 23H2 au 24H2, matoleo ya Windows 11 ya miaka 2023 na 2024) na kwa aina ya kichakato (CPU) chako, ambacho kwa kompyuta nyingi za shule ni x64. Sasisho la 23H2 haliingii kwenye 24H2 hata ulilazimishe.

Masasisho ya kila mwezi hutolewa Jumanne ya pili, saa nne asubuhi kwa saa za pwani ya magharibi ya Marekani, ambayo kwetu ni saa mbili usiku, au saa tatu usiku wakati wao wamerudisha saa zao nyuma. Kwa hiyo kazi yako ipange kuanzia Jumatano. Mimi huwa nasubiri siku chache zaidi, nisikie kwanza kama kuna waliolalamika.

Chombo cha kazi ni DISM, ambacho kimo ndani ya Windows yenyewe. Kifungulie katika dirisha la amri lenye mamlaka ya msimamizi, na hakikisha Windows unayofanyia kazi si ya zamani kuliko ile unayoihudumia. Ikiwa ni ya zamani, pakua Windows ADK, mkusanyiko wa vyombo vya Microsoft vya kazi hii, utumie DISM iliyomo humo. Kwanza tazama namba za matoleo:

Dism /Get-ImageInfo /ImageFile:C:\Chanzo\sources\install.wim

Tuseme toleo la shule yako lina namba 6. Tengeneza folda tupu liitwalo C:\Pachiko, kisha uipachike humo taswira yake, yaani nakala ya toleo hilo iliyofungwa ndani ya install.wim, uiongeze masasisho, uisafishe na uifunge:

Dism /Mount-Image /ImageFile:C:\Chanzo\sources\install.wim /Index:6 /MountDir:C:\Pachiko
Dism /Image:C:\Pachiko /Add-Package /PackagePath:C:\Masasisho\sasisho.msu
Dism /Image:C:\Pachiko /Cleanup-Image /StartComponentCleanup /ResetBase
Dism /Unmount-Image /MountDir:C:\Pachiko /Commit

Kupachika maana yake ni kwamba yaliyomo katika toleo hilo yanaonekana kama folda la kawaida, na DISM hulihudumia kana kwamba ni kompyuta iliyozimwa. Neno /ResetBase huondoa nakala za zamani za faili zilizobadilishwa, na matokeo yake masasisho yaliyoingizwa hayawezi tena kuondolewa baadaye. Kwa chanzo cha kusakinisha hilo ni sawa kabisa.

Mpangilio wa hatua una maana kubwa kuliko amri zenyewe. Kama utaongeza lugha au vipengele vya ziada, viongeze kabla ya sasisho jumuishi, kwa sababu vifurushi hivyo vinakuja na faili za siku ambayo toleo lilizaliwa, na ukivitia baadaye utalazimika kuliingiza sasisho upya. Sasisho la .NET, maktaba inayotumiwa na programu nyingi za Windows, nalo liingie mwisho kabisa, baada ya usafishaji, kwa kuwa huacha kazi za kumalizia ambazo zinafanywa kompyuta inapowaka kwa mara ya kwanza, na DISM hukataa kusafisha taswira yenye kazi za namna hiyo. Nimeona watu wakifuta kila kitu na kuanza upya kwa ajili ya kosa hilo, kumbe walikosea mfuatano tu.

Baada ya kufunga, install.wim haitapungua ukubwa hata kama umeisafisha, maana vipande vilivyoachwa hubaki ndani yake. Ihamishie kwenye faili mpya kwa /Export-Image, ukichagua toleo lile moja mnalotumia, kisha faili mpya ichukue nafasi ya ile ya zamani. Kama shule yenu inatumia toleo moja tu, sioni sababu ya kubeba matoleo mengine.

Sasa nirudi kwenye zile sehemu mbili zilizobaki. Winre.wim huhudumiwa wakati install.wim ikiwa imepachikwa: unaitoa nje, unaipachika katika folda jingine, unaiongezea kifurushi kinachoitwa Safe OS Dynamic Update, unaifunga na kuirudisha mahali pake. Si jambo la mapambo. Januari 2024 sasisho KB5034441, lililokusudiwa kuziba tundu linalohusu BitLocker (ulinzi wa diski kwa usimbaji) katika mazingira hayo ya uokoaji, liligoma kwenye kompyuta nyingi za Windows 10 kwa kosa namba 0x80070643, kwa sababu sehemu ya diski iliyotengwa kwa uokoaji ilikuwa ndogo mno. Aliyekuwa amesakinisha kwa chanzo chenye winre.wim iliyohudumiwa mapema hana haja ya kuipanua diski baada ya ajali. Boot.wim nayo ina taswira mbili, namba 1 na namba 2, na ya pili ndiyo inayoendesha usakinishaji. Ukiihudumia hiyo ya pili, toa ndani yake faili za setup.exe na setuphost.exe uzinakili katika folda la sources, ili msakinishaji, yaani programu ya kusakinisha, aliye nje na aliye ndani wawe wa umri mmoja. Wakitofautiana, usakinishaji unaweza kukwama.

Neno la mwisho kwako, Mwalimu, ni la hesabu. Faili ya sasisho unayoipakua kutoka Catalog ni nzima, ilhali kompyuta inayojisasisha yenyewe huvuta vipande inavyovihitaji tu. Kwa kompyuta moja au mbili, kazi hii yote inaweza kukugharimu bando kubwa kuliko kuziacha zijisasishe. Kwa kompyuta 32 hesabu inageuka kabisa. Hata hivyo, ufafanuzi wa virusi wa Defender (kinga ya virusi ya Windows) na programu za Microsoft Store bado vitahitaji intaneti, kwa hiyo fungua pia mpangilio wa Delivery Optimization unaoziruhusu kompyuta za mtandao mmoja kugawana kile kilichokwisha kupakuliwa na mmoja wao.

SWALI: Naomba msaada. Nina duka la kutengeneza kompyuta hapa Mwanza na kila wiki ninapiga Windows kwenye mashine nyingi. Nilifuata maelekezo ya kuingiza masasisho, lakini flashi yangu niliyoitengeneza kwa chombo cha Microsoft haina install.wim, ina install.esd, na DISM inakataa kuipachika. Nilipopata install.wim kwingine, ikawa kubwa na flashi ikaikataa ingawa ni ya GB 32.
Fundi, Mwanza

JIBU: Fundi, hayo ni matatizo mawili tofauti ambayo yamekutana kwako siku moja.

Faili ya ESD ni taswira ileile iliyokandamizwa kwa njia kali zaidi ili ipakuliwe haraka, na kwa sababu ya ukandamizaji huo haiwezi kupachikwa na kuandikwa ndani yake. Dawa yake ni kuigeuza:

Dism /Export-Image /SourceImageFile:C:\Chanzo\sources\install.esd /SourceIndex:6 /DestinationImageFile:C:\Chanzo\sources\install.wim /Compress:max /CheckIntegrity

Namba 6 hapo ibadilishe kulingana na toleo unalotaka. Kazi hii ni nzito kwa kichakato, kwa hiyo usishtuke mashine ikiguruma. Ikimalizika, futa install.esd, maana msakinishaji asikute zote mbili, kisha uendelee kama nilivyomweleza Mwalimu wa Kigoma.

Tatizo la pili halihusu ukubwa wa flashi bali mpangilio wake. Flashi yako imepangwa kwa FAT32, ambayo haikubali faili moja ifike GB 4, hata kama nafasi iliyobaki ni mara saba ya hapo. Huwezi kuikimbia FAT32 kirahisi, kwa kuwa UEFI, programu ya ndani inayoiwasha kompyuta, kwenye kompyuta nyingi haitambui mpangilio mwingine inapotafuta cha kuwasha. Microsoft yenyewe inaruhusu taswira igawanywe:

Dism /Split-Image /ImageFile:C:\Chanzo\sources\install.wim /SWMFile:C:\Chanzo\sources\install.swm /FileSize:3800

Utapata install.swm, install2.swm na kuendelea, kila moja ikiwa chini ya MB 3800. Nakili hizo kwenye flashi na uiache install.wim nyumbani, msakinishaji anazitambua bila kuambiwa. Gawanya mwishoni kabisa, baada ya masasisho yote kuingia, kwa sababu taswira iliyogawanywa haihudumiwi tena. Wapo wanaopendelea programu ya Rufus, ambayo hutengeneza flashi ya NTFS pamoja na kijisehemu kidogo cha kuwashia. Inafanya kazi vizuri, ingawa mimi kwa flashi inayozunguka mikononi mwa wateja naiamini zaidi FAT32.

Kwa kuwa wewe ni fundi wa mashine za kila aina, nakuongezea jambo ambalo hukuliuliza. Kompyuta mpakato nyingi za Intel kuanzia kizazi cha 11 huficha diski zao nyuma ya kidhibiti kiitwacho VMD, na ukurasa wa kuchagua diski hutokea mtupu. Pakua draiva ya Intel Rapid Storage, uifungue iwe faili za inf, kisha uiingize kwenye boot.wim namba 2 na kwenye install.wim kwa /Add-Driver ukiongeza /Recurse. Utaacha kubeba flashi mbili.

SWALI: Umeme ulikatika wakati DISM inafunga taswira, na sasa kila nikijaribu upya naambiwa folda tayari linatumika. Nikitaka kulifuta, linakataa. Nifanyeje?
Mwanafunzi wa TEHAMA, Dodoma

JIBU: Usilifute kwa nguvu. Endesha Dism /Cleanup-Mountpoints, uwashe kompyuta upya, kisha ujaribu tena. Kama taswira bado inaonekana katika orodha ya Dism /Get-MountedImageInfo, ifunge kwa /Unmount-Image ukiweka /Discard badala ya /Commit, na uirudishe install.wim kutoka kwenye nakala ya asili, kwa sababu faili iliyokatizwa katikati ya kuandikwa haifai kuaminiwa hata kama inafunguka. Ukikutana na kosa 0xc1420117 bila umeme kukatika, sababu ya kawaida ni ndogo mno: dirisha la folda la pachiko limeachwa wazi, au programu ya kuzuia virusi inalipekua. Mimi hulitoa folda hilo kwenye upekuzi kabla ya kuanza, na kazi huenda kwa kasi zaidi pia.

SWALI: Ofisi yetu ya Mombasa ilisakinisha Windows 11 24H2 kwenye kompyuta kadhaa mwishoni mwa mwaka 2024 kwa kutumia chanzo tulichokitengeneza wenyewe, chenye sasisho la Oktoba. Baadaye tuligundua kwamba kompyuta hizo hazipokei masasisho mapya ya usalama, wakati zile tulizozisasisha kwa njia ya kawaida zinapokea bila shida. Je, tulikosea hatua gani? Tena tumesikia kwamba 24H2 inahitaji faili mbili za sasisho badala ya moja.
Afisa TEHAMA, Mombasa

JIBU: Kosa halikuwa lenu. Microsoft ilitangaza Desemba 2024 kwamba chanzo cha 24H2 kilichotengenezwa na kuingizwa sasisho la usalama la Oktoba au la Novemba, yaani lililotolewa kati ya tarehe 8 Oktoba na tarehe 12 Novemba 2024, kinaweza kuiacha kompyuta katika hali ambayo haipokei tena masasisho ya usalama. Kompyuta zilizosasishwa kupitia Windows Update hazikuguswa, na ndiyo sababu mkaona tofauti hiyo. Ushauri uliotolewa ni kutengeneza chanzo kipya chenye sasisho la Desemba 2024 au la baadaye, na kusakinisha upya kwa hicho. Tafuteni pia kila flashi na kila ISO ya kipindi hicho iliyobaki katika droo za ofisi na muifute, kwa sababu ikisahaulika mtu ataitumia tena mwaka ujao.

Hilo la faili mbili ni kweli, nalo linahitaji maelezo. Kwa miaka mingi sasisho jumuishi lilibeba tofauti zote tangu siku toleo lilipozaliwa, na kwa hiyo liliongezeka uzito kila mwezi. Kuanzia 24H2 Microsoft imeweka vituo njiani: sasisho fulani linatangazwa kuwa kituo, na yanayofuata yanabeba tofauti kuanzia hapo tu. Kituo cha kwanza kilikuwa KB5043080 cha Septemba 2024. Ukitafuta sasisho la mwezi kwenye Catalog na kubonyeza kitufe cha kupakua, utaletewa faili zaidi ya moja, na watu wengi huchukua ya juu peke yake wakidhani nyingine imejirudia.

Zichukue zote, uziweke katika folda lisilo na faili nyingine yoyote ya msu, kisha katika /PackagePath utaje faili ya mwezi mnaoutaka peke yake. DISM yenyewe itakitafuta kituo ndani ya folda hilohilo na kukiingiza kwanza kama kinahitajika. Msitaje folda zima, na msiingize faili moja baada ya nyingine kwa mkono. Utaratibu huohuo ufuatwe kwa boot.wim.

Kabla ya kukabidhi flashi mpya kwa idara nyingine, isakinisheni kwanza kwenye kompyuta moja, muache Windows Update itafute masasisho, na msubiri hadi sasisho la mwezi unaofuata liingie salama. Kompyuta hiyo moja ingewaokoa mwaka 2024.

SWALI: Maabara yetu ya kupimia udongo ina chombo ambacho programu yake haifanyi kazi kwenye chochote zaidi ya Windows 7. Diski imekufa na tunahitaji kusakinisha upya kwenye kompyuta mpya kidogo. Masasisho ya Windows 7 bado yanapatikana?
Mtafiti, Arusha

JIBU: Yanapatikana kwenye Catalog, ingawa Microsoft iliacha kuitunza Windows 7 tarehe 14 Januari 2020. Chukua ISO yenye Service Pack 1, kisha uingize KB3020369 kwanza na KB3125574 baada yake. Hii ya pili ni mkusanyiko wa mwaka 2016 unaobeba karibu kila kilichotolewa baada ya Service Pack hiyo. Kutoka hapo ingiza KB4490628 na KB4474419, ambazo huifundisha Windows 7 kutambua sahihi za kidijitali za aina ya SHA-2, na bila hizo masasisho ya kuanzia katikati ya 2019 hayakubaliki. Malizia na KB4534310 ya Januari 2020.

Kikwazo chako kikubwa, hata hivyo, hakitakuwa masasisho bali draiva. Windows 7 haina draiva ya USB 3.0, hivyo kwenye bodi za karibuni kibodi na kipanya hufa mara tu ukurasa wa kwanza wa usakinishaji unapotokea, na flashi yenyewe haionekani tena. Draiva hiyo lazima iingie kwenye taswira zote mbili za boot.wim na kwenye install.wim. Diski ya NVMe nayo inahitaji kiraka chake, KB2990941. Kama unaweza kupata kompyuta iliyotumika ya mwaka 2014 au kabla yake yenye diski ya SATA, ichukue na ujiepushe na usumbufu huo wote. Usiiunganishe kwenye intaneti.

SWALI: Chuo chetu kilichopo Eldoret kinahamia Ubuntu 24.04 kwenye maabara zake. Je, nasi tunapaswa kutengeneza ISO yenye masasisho, au kuna njia nyepesi zaidi?
Msimamizi wa mitandao, Eldoret

JIBU: Njia nyepesi ipo, na kwa Ubuntu singekushauri uguse ISO kabisa. Vifurushi vyake huvutwa kimoja kimoja kutoka hazinani, yaani seva ya mtandaoni inayohifadhi programu zake, kwa hiyo kinachohitajika ni hazina iwe karibu. Weka seva moja katika mtandao wa chuo yenye programu ya apt-cacher-ng, ambayo husikiliza katika mlango (port) 3142. Kompyuta ya kwanza ikiomba kifurushi, seva hukivuta kutoka nje na kukihifadhi; kompyuta nyingine zote hupewa nakala hiyo ya ndani. Kisha andika faili ya autoinstall, yenye majibu ya usakinishaji wa kujiendesha, ambamo anwani ya hazina inapitia seva hiyo, na katika kipengele cha updates uweke all, kwa sababu usipoweka kitu msakinishaji huingiza masasisho ya usalama peke yake.

Jihadhari na jambo moja ambalo halionekani siku ya kusakinisha. Anwani hiyo ya hazina hubaki ndani ya kompyuta. Kwa kompyuta za mezani haidhuru, lakini kompyuta mpakato itakayotoka nje ya chuo itaendelea kuitafuta seva yenu na kushindwa kujisasisha. Kwa hizo, ongeza amri katika late-commands, sehemu ya faili hiyo inayotekelezwa mwishoni mwa usakinishaji, ya kuirudisha anwani ya kawaida.

Anzeni pia na ISO ya karibuni zaidi ya 24.04, kwani Canonical, kampuni inayotengeneza Ubuntu, hutoa ISO mpya zilizokwisha kuingizwa masasisho ndani ya uhai wa kila toleo la muda mrefu, ya kwanza ya 24.04 ikiwa imetoka Agosti 2024.

SWALI: Kuna ISO nyingi kwenye vikundi vya Telegram ambazo tayari zina masasisho yote, zimepunguzwa uzito, na zina hata Office ndani yake. Kwa nini nijisumbue na DISM?
Msomaji, Tanga

JIBU: Ndugu yangu, kazi niliyoieleza hapo juu ya kupachika taswira na kuongeza kitu ndani yake inawezekana kwa kila kitu, si kwa masasisho tu. Aliyeweka Office humo angeweza kuweka pia programu inayonakili nywila zako, na ingewaka na mamlaka kamili kabla Defender haijaamka, au Defender yenyewe ingekuwa imeondolewa katika hilo zoezi la kupunguza uzito. ISO ya asili unaweza kuihakiki: endesha certutil -hashfile ukitaja jina la faili na neno SHA256, kisha ulinganishe herufi utakazopata na zile ambazo Microsoft huonyesha kwenye ukurasa wake wa kupakulia. ISO iliyobadilishwa na mtu mwingine haina cha kulinganishwa nacho.